Daftari la Wauguzi ni la Nani?

Jumapili moja, Misa ilipokwisha, mzee mmoja wa kisiwa chetu cha Idjwi alitungoja kando ya kanisa, kofia mkononi. Alikuwa na neno zito. Binti yake ni mwuguzi. Kwa miaka 9 alifanya kazi katika kituo cha afya huku kwetu, na watoto wengi wa kijiji walizaliwa mikononi mwake. Kisha akamfuata mume wake Ulaya. Huko alitaka kuendelea na kazi yake, akaambiwa: "Bado. Kwanza jina lako liandikwe katika daftari la wauguzi wa nchi hii." Akapeleka diploma yake. Majibu yakaja kwamba masomo yake hayatoshi. Sasa anawaosha wazee katika nyumba ya wazee, kwa mshahara mdogo.

"Mwalimu," akasema yule mzee, "binti yangu ni A2, nao wanataka mtu wa A1. Mjini nimepata mtu awezaye kutengeneza karatasi ya A1 pamoja na muhuri wake. Anataka fedha, nami nina ng'ombe mmoja. Lakini mama wa mtoto amekataa, asema ni dhambi. Mimi sioni dhambi. Kazi anaijua. Kinachokosekana ni karatasi tu. Sema wewe."

Tulimwomba atupe juma moja. Swali lake si dogo, wala mzee huyu si mwizi. Na kwa kuwa familia nyingi za Kivu zina mtoto ng'ambo, tumeona yafaa tulijibu hapa mbele ya wasomaji wote.

Kwanza yatupasa kumtetea binti huyu. Kwetu Kongo, mwuguzi wa A2 amefundishwa katika shule ya sekondari ya uuguzi. Wa A1 amesoma katika chuo cha juu, kama ISTM ya Bukavu, baada ya kupata diploma ya serikali. Lakini nani asiyejua mambo yalivyo vijijini? Daktari yuko mbali, pengine ng'ambo ya ziwa. Katika kituo cha afya mwuguzi ndiye mkubwa. Yeye husikiliza wagonjwa, huwapima, huandika dawa, huzalisha, hushona jeraha, na usiku huamua nani apakiwe mashuani apelekwe hospitali. Huko Uingereza mwuguzi hana ruhusa ya kuandika dawa, isipokuwa amesoma masomo ya ziada na kuandikwa kwa kazi hiyo. Basi mtu akimwita binti yetu mjinga kwa sababu ya herufi moja na tarakimu moja, amkosea haki.

Hata hivyo tuseme na upande wa pili. Jina la kazi ni moja, lakini kazi zenyewe zaweza kuwa mbili. Huko atakuta mashine za kupima matone ya dawa, dawa ambazo hajapata kuziona, maandishi yote ndani ya kompyuta, na wazee wa miaka 90 wenye magonjwa matatu au manne kwa pamoja. Tena atasikiliza na kuandika kwa lugha ngeni. Sifuri moja ikikosewa katika kipimo cha dawa, mtu aweza kufa. Aliyekuwa hodari katika kuzalisha kwa mwanga wa taa ya mafuta si lazima awe hodari katika mambo hayo siku ya kwanza.

Tujiulize sisi wenyewe. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka ziwa na kufika kisiwani kwetu. Tuseme mmoja wao angalisema, "Mimi ni mwuguzi, nipeni sindano nimchome mtoto wenu." Ungalimpa? Mwenye busara angalijibu: "Karibu, ndugu. Lakini kwanza tuambie umesoma wapi, na tukuone ukifanya kazi." Kusema hivyo si kumchukia mgeni, ni kumpenda mtoto. Basi tukilia kwa sababu wengine wanatuuliza maswali yale yale, tumesahau kwamba na wao wana watoto na wazazi.

Ndiyo maana daftari za wauguzi zilianzishwa. Zamani mtu yeyote aliweza kuvaa kitambaa cheupe na kujiita mwuguzi. New Zealand ilitunga sheria ya daftari mwaka 1901, na mwaka uliofuata Ellen Dougherty akawa mwuguzi wa kwanza kuandikwa. Uingereza ilifanya hivyo mwaka 1919. Kwetu Kongo, sheria ya mwaka 2016 imeunda shirika la taifa la wauguzi, ambamo kila mwuguzi apaswa kuandikwa. Sheria hizi hazikutungwa kwa ajili ya kuwakomoa wageni. Zilianza kwa wenyeji.

Basi daftari hili ni la nani? Wengi hudhani ni la serikali, na kwamba kumdanganya karani wa serikali si jambo kubwa. Wengine hudhani ni la mwuguzi, kama vile cheti cha ndoa kilivyo cha wenye ndoa. Sisi twasema: daftari ni la mgonjwa. Mtu aliyelala kitandani, ameishiwa nguvu, pengine hata hana fahamu, hawezi kumwuliza anayemjia na sindano, "Umesoma wapi?" Hawezi kuikataa dawa wala kukimbia. Kwa kuwa yeye hawezi kuuliza, nchi yauliza kwa niaba yake, mapema, naye hujikabidhi akiamini kwamba swali limekwisha kuulizwa na kujibiwa kwa kweli.

Sasa tuitazame ile karatasi ya A1. Atakayedanganywa ni nani? Karani ataipiga muhuri, ataiweka kabatini, jioni atarudi kwake salama. Atakayedanganywa ni bibi kizee mmoja ambaye hata hajaugua bado, na ambaye siku moja ataunyosha mkono wake bila hofu. Amri ya 8 yakataza ushahidi wa uwongo. Na hapa uwongo huo wagusa hata amri ya 5, kwa maana wacheza na uhai wa mtu.

Katika jambo hili sisi watu wa ziwa Kivu tunaye mwalimu wa kwetu. Mwenye heri Floribert Bwana Chui alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya ukaguzi wa bidhaa huko Goma. Walimletea fedha ili apitishe chakula kilichoharibika. Akakataa. Mwezi wa Julai 2007 walimteka na kumwua, naye alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, kule Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa mwenye heri. Tuangalie alikataa nini. Alitakiwa aseme kwa kalamu kwamba kitu kibaya ni kizuri. Wale ambao wangalikula chakula kile hakuwajua hata mmoja, lakini alijua wapo. Na yule anayenunua karatasi ya uwongo, je, hajui kwamba wagonjwa wapo?

Mzee wetu atasema: "Lakini binti yangu hatamwua mtu. Kazi anaijua." Twamjibu hivi. Kama anaijua, basi aipewe nafasi ya kuonyesha, na tutasema hivi punde juu ya wale wanaomnyima nafasi hiyo. Lakini akiingia kwa karatasi ya uwongo, siku asipojua jambo hataweza kuuliza. Mwuguzi mkweli husema, "Mashine hii siijui, nifundisheni." Mwenye karatasi ya kununua huogopa kusema hivyo, na kimya chake ndicho kitakachomdhuru mgonjwa. Zaidi ya hayo, njia ya mwongo ni fupi. Siku uwongo utakapojulikana, hatafukuzwa peke yake: kila mwuguzi wa Kongo atakayefuata, hata aliyesoma kwa jasho, karatasi zake zitashikwa kwa vidole viwili. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Hayo ni ya upande wetu. Lakini ukweli huu una makali pande mbili. Kama daftari ni la mgonjwa, basi wenye kulitunza nao hawana ruhusa ya kulifunga wapendavyo. Tuchukue Uingereza. Mwuguzi aliyesoma nje huonyesha vyeti, hufanya mtihani wa maswali kwa kompyuta, kisha mtihani wa mikono mbele ya wakaguzi. Aliyesoma kwa Kifaransa kama sisi hufanya na mtihani wa Kiingereza: katika ule uitwao IELTS hudaiwa 7 kwa kusoma, kusikiliza na kusema, na 6.5 kwa kuandika. Kila hatua ina malipo yake. Kumpima mtu hivyo ni haki. Lakini kumzungusha miaka kwa karatasi zisizopatikana, kumkatalia bila kumwambia alipopungukiwa wala namna ya kupajaza, na huku kuitumia mikono yake kwa bei rahisi, hiyo si haki tena. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema umfichie jembe lake na kumpa ufagio maisha yake yote.

Tena wako waliokimbia. Vita vilipofika Goma mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari, wengi walitoka na mtoto mgongoni tu. Diploma ikabaki sandukuni. Mtu wa namna hii ataambiwaje alete barua yenye muhuri kutoka shule ya kwao? Mapatano ya Geneva ya mwaka 1951 juu ya wakimbizi, katika kifungu cha 25, yasema kwamba mkimbizi asiyeweza kuiendea serikali ya kwao asaidiwe na nchi iliyompokea kupata hati anazozihitaji. Majirani nao wana wajibu. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mapatano ya soko la pamoja, yaliyoanza kutumika mwaka 2010, yataka nchi hizo zitambue vyeti vya wenzao. Wahasibu na wahandisi wa nchi kadha wamekwisha kuwekeana mikataba. Wauguzi nao wastahili kufanyiwa vivyo hivyo.

Kanisa halikunyamaza juu ya mambo haya. Papa Pio XII, mwaka 1952, katika waraka wake Exsul Familia, aliwaonyesha wahamaji Familia Takatifu iliyokimbilia Misri. Papa Yohane XXIII, mwaka 1963, katika Pacem in Terris, alifundisha kwamba mtu mwenye sababu ya haki ana haki ya kuhamia nchi nyingine. Injili haisemi Yozefu alifanya kazi gani huko Misri. Lakini twaweza kuwaza: seremala wa Nazareti, nani alimjua kule? Bila shaka ilimbidi aonyeshe kwa mikono yake kwamba anaijua kazi, na ilimbidi apate mtu wa kumpa ubao wa kwanza.

Limebaki neno kwetu tulio nyumbani. Mwaka 2010 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa kanuni juu ya kuwaajiri wauguzi na waganga wa nchi nyingine. Katika orodha yake ya mwaka 2023 limetaja nchi 55 zenye upungufu mkubwa, ambazo matajiri wasiende kuwavuna wauguzi wake. Kongo yetu imo. Kanuni hizo hazimkatazi mtu kuondoka. Lakini zatukumbusha kwamba kila mwuguzi anayevuka ziwa ameacha kitanda nyuma yake. Basi tusiwatukuze tu wale walio Ulaya na kuwasahau wanaobaki, ambao mara nyingi hungoja mshahara wao miezi na miezi. Nao wakuu wa shule zetu watunze vizuri vitabu vya majina na alama za wanafunzi. Kitabu kilicholiwa na panya leo ni chozi la mwuguzi kesho.

Juma lililofuata mzee alirudi. Tulimweleza haya yote polepole. Hakufurahi. Alikaa kimya, kisha akasema: "Mwalimu, ukweli wenu ni ghali." Hatukuweza kumpinga. Ni ghali kweli, nasi hatukumwahidi kwamba Mungu atamlipa binti yake kwa kumfungulia ile ofisi upesi.

Ng'ombe aliuzwa hata hivyo. Fedha zake zililipa nauli ya mashua mpaka Bukavu, mara mbili, na karatasi ya alama kutoka shule aliyosoma, iliyo ya kweli, ya A2. Na zilizobaki zilimlipa mtafsiri aliyeapishwa. Kwa karatasi hizo binti amekubaliwa kuanza tena masomo ya uuguzi, miaka 3, darasani pamoja na wasichana aliowazidi miaka 15. Usiku angali akiwaosha wazee. Ameandika kwa baba yake kwamba wiki ya kwanza alilia, na wiki ya pili alijifunza jambo moja juu ya vidonda vya wazee wanaolala muda mrefu, ambalo laiti angalilijua alipokuwa kisiwani.

Wasomaji wapenzi, tumwombee, yeye na wote walio katika hali yake. Na mwenye mtoto ng'ambo aliyekwama kwa ajili ya karatasi, asimwendee yule mtu wa mjini. Aje parokiani: tutamsaidia kuandika barua, kutafuta vyeti, hata kuchanga nauli. Tukishindwa, tutashindwa pamoja naye. Lakini yule mgonjwa asiyetujua, tusimdanganye.