Karatasi Tupu Nayo Ina Haki

Katika miji ya pwani, Mwislamu akikuta njiani kipande cha karatasi chenye jina la Mwenyezi Mungu huinama akakiokota, akakiweka mahali pa juu kisikanyagwe. Adabu hii ni njema, na wazee walioifundisha hawakukosea. Lakini mtu huyo huyo afikapo nyumbani huchana karatasi nyeupe, akafutia vumbi na kuitupa, wala moyo wake haumwambii neno. Heshima yote ameipa wino.

Thamani ya karatasi haihitaji ushahidi mrefu. Aya iliyo ndefu kupita zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, yaamrisha deni liandikwe. Mashahidi hufa, na walio hai husahau. Hati hubaki ikamlinda yatima. Kwa hiyo abaniaye karatasi hata asiandike deni wala wasia hakuepuka israfu; amefungua mlango wa dhuluma.

Ubaya uko pengine. Baghdad ilipoanza kufanya karatasi, mwishoni mwa karne ya 8, zilifanywa kwa matambara ya kitani na kamba kuukuu, yaani vitu vilivyokwisha kazi yake. Mambo yaligeuka katika karne ya 19. Mwaka 1844 Mjerumani Friedrich Gottlob Keller alipata njia ya kusaga mti ukawa rojo la karatasi. Tangu hapo karatasi ikawa rahisi, na urahisi ukaficha gharama.

Gharama hiyo hulipwa, ila si na mnunuzi. Kule Webuye, magharibi ya Kenya, kiwanda cha karatasi kilifanya kazi kando ya mto Nzoia tangu 1974 kwa zaidi ya miaka thelathini. Miti ilipikwa kwa dawa kali. Uvundo uliwaingia watu majumbani, na maji machafu yakashuka katika mto uendao Ziwa Viktoria. Kweli, wengi walipata riziki yao hapo, na watoto wakapata madaftari. Lakini wakaao chini ya mto hawakuwamo katika mapatano ya bei.

Basi mwenye harusi aagizapo kadi mia tano, nene, zenye kumetameta, kwa majirani ambao zamani walialikwa kwa mdomo, nyumba kwa nyumba, husema: fedha ni yangu. Fedha ni yake. Mto si wake. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza israfu ya maji hata kwa atawadhaye kando ya mto upitao. Na maji ya wudhu hurudi mtoni bila ya kumdhuru mtu!

Kadi hizo aghalabu huandikwa Bismillahi juu yake. Siku ya tatu baada ya harusi huonekana jaani, chini ya maganda ya ndizi.