Kusoma Ilimu ya Falaki Hatta Upeo Wake: Ni Kheri au Ni Kupoteza Umri?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyezipa mbingu taa zake na nyakati hesabu zake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ametuletea suali mzazi mmoja katika ndugu zetu. Mwanawe amekwisha pata shahada ya kwanza katika fizikia, naye ataka kwenda Cape Town kusoma ilimu ya nyota: miaka miwili kwa shahada ya uzamili, kisha mitatu au minne kwa shahada ya uzamivu. Baba asema: “Sheikh, lau angesomea utabibu wagonjwa wangepona, lau angesomea sharia wanyonge wangepata haki zao. Huyu akimaliza atamfaa nani? Nami nakumbuka ya kuwa Mtume wetu alikuwa akijikinga kwa Mungu na ilimu isiyofaa.”

Suali hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa ndani yake mna umri wa kijana na mali ya mzee. Wengi hulijibu kwa haraka. Husema falaki ni ilimu yetu Waislamu, kwayo twajua kibla na nyakati za swala, basi naende. Jawabu hilo lina ukweli, lakini halitoshi, nami nitabainisha upungufu wake.

Kwanza hatuna budi kutenga mambo mawili ambayo watu wa pwani wameyatia katika chungu kimoja. Kwetu sisi mtu akisema amekwenda kupigiwa falaki, maana yake amekwenda kwa mganga kutajiwa nyota yake kwa hesabu ya jina lake na la mamake, aambiwe siku ya kuoa na siku ya kusafiri. Hiyo ni tanjimu, nayo ni haramu, wala haina haja ya maneno mengi. Siku alipokufa Ibrahim, mwana wa Mtume wetu (s.a.w.), mwaka wa 10 wa Hijra, nao ni 632 wa miladi, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Baba aliyefiwa, naye yu katika huzuni, hakuliacha neno hilo lipite. Aliwafundisha ya kuwa jua na mwezi ni ishara za Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake. Zingatia, ewe msomaji: lilikuwa neno la kumtukuza mwanawe, naye alilikataa kwa kuwa si kweli. Mwenyi kutaka kujua adabu ya ilimu hii na aanze hapo.

Ama kibla na nyakati, Imamu Nawawi amebainisha ya kuwa kujifunza dalili za kibla ni faradhi kifaya, illa kwa mwenyi kukusudia safari, huyo humpasa yeye mwenyewe. Na Taqiyyuddin Subki, mwanachuoni wa madhehebu yetu aliyekufa mwaka 1355, alisema ya kuwa hesabu ya yakini ikionyesha mwezi hauwezi kuonekana, ushahidi wa aliyedai kuuona haukubaliwi. Na wengine katika madhehebu hawakumfuata. (Ugomvi wa mwandamo hatuuingii hapa, ule wa kila Ramadhani unatutosha.) Lakini mambo haya yote yatimizwa na mtu wa masomo ya kati. Al-Biruni aliitafuta kibla ya mji wa Ghazna kwa vivuli na hesabu za pembe katika kitabu alichokimaliza mwaka 1025. Hapana mtu awezaye kusema ya kuwa swala ya adhuhuri yangoja tujue nyota hufaje. Basi tukimwambia baba huyu kuwa mwanawe aenda kusoma miaka sita ili atuonyeshe kibla, tumemuuzia mbuzi ndani ya gunia.

Lakini pia si kweli ya kuwa wazee wetu wa ilimu walisimama penye haja. Ibn Shatir, aliyekufa mwaka 1375, kazi yake ilikuwa kupima nyakati za swala katika msikiti wa Banu Umayya mjini Damaski. Kazi hiyo aliifanya, kisha akaipita. Aliona ya kuwa hesabu ya mwezi iliyorithiwa kutoka kwa Wayunani yaufanya mwezi kukaribia na kuondoka kuliko ulivyo kweli, akatunga nyengine iliyo sahihi zaidi. Na hesabu ya namna ile ile imo katika kitabu cha Copernicus kilichopigwa chapa mwaka 1543. Mwadhini wa Damaski hakuihitaji hesabu ile. Ibn Shatir aliitaka kwa kuwa ile ya kwanza haikuafikiana na mwezi ulioko juu.

Na leo wasomao ilimu hii husoma nini? Watu hudhani hukesha wakitazama nyota. Kazi yao kubwa ni hesabu, na sehemu kubwa ya hesabu hiyo ni hesabu ya nuru. Nuru ya nyota hupasuliwa rangi zake kama upinde wa mvua, na katika rangi hizo huonekana mistari inayojulisha nyota ina vitu gani. Kwa njia hiyo hewa ya heliamu ilijulikana katika nuru ya jua mwaka 1868, kabla haijapatikana hapa ardhini mwaka 1895. Na nuru yenyewe ni msafiri. Ya jua hutufikia kwa dakika 8 na kidogo. Na ile ya Kilimia, nyota zile wakulima wetu walizozitazama ili wajue msimu wa kulima, husafiri kama miaka 440. Nuru ya Kilimia inayotua machoni mwako usiku huu ilitoka huko kabla ya Wareno kuanza kujenga Ngome ya Mombasa mwaka 1593. Mwenyi kuitazama haoni Kilimia kilivyo leo, aona kilivyokuwa.

Mambo haya hayampi mtu mkate. Lakini humfunga kwa amana ngumu, nami naona humo ndimo ilimo faida yake. Nitatoa mfano mmoja, wala si aibu kuutoa kwa mwanamke Mkristo.

Mwaka 1967 Jocelyn Bell alikuwa mwanafunzi wa uzamivu mjini Cambridge, Uingereza. Alisaidia kujenga darubini isiyo na kioo: nguzo na nyaya zilizoenea zaidi ya ekari 4, za kupokea mawimbi kama ya redio kutoka mbinguni. Chombo kilichora mistari juu ya karatasi, karibu mita 30 kila siku, naye akazikagua kwa macho yake. Akaona alama ndogo, isiyopita upana wa ukucha, isiyofanana na kitu alichokijua. Wepesi ulikuwa kuiacha, nani angemuuliza? Mwalimu wake alidhani ni mawimbi ya vyombo vya watu. Yeye akaifuata miezi, hatta ikadhihiri ya kuwa ni mapigo yanayorudi kila sekunde moja na theluthi, kisha akayaona mengine katika upande mwengine wa mbingu. Khabari ilitangazwa Februari 1968. Zilikuwa nyota zilizokwisha kufa: uzito wake wapita wa jua, na upana wake kama kilomita 20, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Mwaka 1974 tuzo ya Nobel ikapewa mwalimu wake pamoja na mwenziwe, yeye hakupewa. Na mwaka 2018 alipotunukiwa dola milioni 3, alizitoa zote kuwasomesha wanafunzi wengine.

Sasa mrudie baba aliyesema ilimu hii haimfai mtu. Mtu aliyefundishwa miaka sita asiongeze alama isiyokuwapo wala asifute iliyopo, hatta pasipo na wa kumwona, je, huyo hatufai? Sisi twamwita mtu huyo mwaminifu, na sokoni na mahakamani twamtafuta kwa taa.

Liko na jambo jengine lituhusulo sisi khasa. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Wataliani lililosimama baharini katika ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, kilirushwa chombo cha Wamarekani cha kutazama miale ya eksirei itokayo mbinguni, miale ambayo hewa yetu huizuia isifike chini. Kilikuwa cha kwanza duniani kufanywa kwa kazi hiyo peke yake. Na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Kenya, kikaitwa Uhuru. Kilifanya kazi hatta mwaka 1973, na kutokana nacho ikapatikana orodha ya vyanzo 339 vya miale hiyo. Riccardo Giacconi aliyeiongoza kazi ile alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Basi wanafunzi wa falaki duniani kote husoma neno la Kiswahili vitabuni mwao. Na sisi wenyi neno na wenyi bahari, ni wangapi tuliojua khabari hii? Sisemi kujua miale ya eksirei ni faradhi. Faradhi haziongezwi na mimi. Nasema ya kuwa umma usio na hatta mtu mmoja wa kuulizwa khabari za mbingu utaziuliza kwa mganga, au kwa kila mwenyi kupaza sauti.

Wako wanaochelea kijana atapotea imani. Khofu hiyo haina budi kusikizwa, lakini Imamu Ghazali alikwisha onya ya kuwa mwenyi kukanusha hesabu ya kupatwa kwa jua akidhani aitetea dini, ameidhuru dini. Mimi namchelea zaidi yule ambaye kila likizuka jambo jipya la nyota hukimbilia Msahafu akasema limo. Wenyi ilimu hiyo hubadili kauli zao wakipata ushahidi mpya, na hiyo ndiyo sifa yao. Je, tutaibadili tafsiri kila wabadilipo wao?

Kwa hivyo jawabu langu ni kuwa yafaa aende, na akinuia vyema atapata thawabu. Lakini ikiwa wazee wake wategemea mkono wake kwa chakula, nafaka yatangulia nyota zote. Na kazi ya usiku si udhuru wa kuacha swala. Huko Cape Town Waislamu wana misikiti tangu karne ya 18, na mtu akeshaye na darubini ndiye wa kwanza kutofautisha alfajiri ya kweli na ile ya uwongo, ambayo ni nuru ya jua iliyoangukia vumbi lililo kati ya sayari. Ama gharama, ufadhili ni halali, na mkopo wa riba si halali hatta kwa ilimu. Na hili nimemwambia mzee alichunguze mwanzo, kwa kuwa barua aliyonionyesha haikueleza nani atalipa.

Wallahu aalam.