Kumwachia Mungu na Kumwacha Mtoto

Lipo neno ambalo sisi Waislamu twalisema mchana na usiku, nalo ni "nimemwachia Mungu." Ni neno tukufu, na mwenye kulisema kwa haki hupata utulivu ambao fedha haiununui. Nataka kueleza jinsi neno hilo lilivyonipita mdomoni siku moja bila ya mimi kulipima.

Alinijia baba mmoja baada ya swala ya alasiri. Ni mtu wa hapa kwetu Mwadui. Riziki yake ni kuchekecha mchanga upande wa Maganzo akitafuta almasi, wala tumbo la mtoto halingoji almasi ipatikane. Mwanawe wa miaka sita alikuwa ameota uvimbe katika taya. Kwanza walidhani ni jino, likang'olewa. Kisha wakadhani ni matubwitubwi, wakapaka dawa za nyumbani. Uvimbe ulipoanza kulifunga jicho ndipo mama akapanda naye basi kwenda Mwanza, hospitali ya Bugando, na huko wakaambiwa kuwa ni saratani. Akatiwa dawa ya mshipa, na baada ya siku chache uvimbe ukayeyuka kama chumvi iliyotiwa maji.

Basi yule baba akaniambia, "Shehe, mtoto amepona. Wanasema bado sindano nyingi, nyingine za mgongoni. Mimi nimemtoa. Zilizobaki nimemwachia Mungu."

Nami nilikuwa na haraka ya kuwahi darasa. Nikamjibu, "Alhamdulillahi. Mwenyezi Mungu anatosha."

Nililosema ni kweli. Lakini neno la kweli likiwekwa mahali pasipo pake huweza kufanya kazi ya uongo, na jambo hili limeninyima usingizi zaidi ya mara moja.

Ugonjwa huu si mgeni katika nchi zetu. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, mtu wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya, na muda si mrefu akakutana na mwingine wa namna hiyo hiyo. Mwaka 1958 akaandika habari zao. Mwaka 1961 akafunga safari yeye na wenzake wawili katika gari kuukuu, mwendo wa maili 10,000 hivi, wakishuka kutoka Uganda na kupita Tanganyika hadi nchi za kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama zimepata kuona watoto wa namna hii. Wakatambua kwamba ugonjwa hukaa zaidi katika nchi za joto na mvua, zile zile zenye malaria nyingi, na katika milima yenye baridi huwa nadra. Mwaka 1964 wataalamu wa London, waliopelekewa vipande vya uvimbe kutoka Uganda, wakaona ndani yake kirusi ambacho leo huitwa kwa majina ya Epstein na Barr. Yafahamika sasa kwamba kirusi hicho, pamoja na malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara, huandaa njia ya ugonjwa.

Uvimbe huu ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote, na kwa kuwa hukua upesi, dawa nayo huukamata upesi. Hapo ndipo penye mtego. Mzazi huona uvimbe umekwisha, kumbe zimebaki chembe zisizoonekana kwa macho, na nyingine hujificha katika maji ya uti wa mgongo. Ndiyo sababu ya zile sindano za mgongoni. Mkulima wa pamba akikata majani ya magugu akaiacha mizizi, hatasema kuwa amepalilia. Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa kuwa sisi walimu wa madrasa tuna tabia ya kulitolea hukumu jambo la mwili kabla ya kulijua. Mimi sikumwuliza yule baba hata swali moja.

Yapo maswali mengine yanayofika nyumbani kabla ya daktari. La kwanza ni "Nani kamfanyia?" Katika Usukuma huu swali hilo limemwaga damu. Ajuza ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kupikia miaka arobaini huitwa mchawi, na wengi wamekwisha kuuawa kwa hilo. Hata bibi wa mtoto huyu alianza kukwepwa bombani. Hiyo ni dhulma tupu, sina la kuongeza.

La pili ni "Wazazi wamekosa nini?" Hili ni gumu zaidi kulitambua, kwa sababu huja limevaa kanzu. Mtoto kalamu imeinuliwa juu yake mpaka abaleghe. Hana dhambi ya kuadhibiwa, wala Mola mwadilifu hamtesi asiye na kosa ili kumkomoa baba yake. Ni mtihani, naam, lakini mtihani si hukumu. John Williamson, aliyegundua almasi za Mwadui mwaka 1940 na kuwa tajiri wa kutajwa duniani, alikufa mwaka 1958 kwa saratani ya koo, umri wake miaka 50. Sikupata kumsikia mtu akipima dhambi zake kwa koo lake. Mbona basi twampima mama maskini kwa taya la mwanawe?

Ama kuhusu tawakali, tunacho kisa cha Sayyidna Umar (R.A.). Mwaka wa 18 wa Hijra alikuwa njiani kwenda Sham akapewa habari kuwa tauni imeingia huko, akaamua kurejea. Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akakubali kwamba anaikimbia, ila aikimbilia kadari nyingine ya Mungu huyo huyo. Kisha akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka bondeni, upande mmoja majani mabichi na upande wa pili ukavu: atakapolisha, popote pale, amelisha kwa kadari. Mfugaji yeyote wa Shinyanga ataufahamu mfano huu bila ya tafsiri. Dawa ya Mwanza ni kadari kama uvimbe ulivyo kadari.

Lakini nisimwonee yule baba. Nilikuja kujua baadaye kwamba hakuikataa dawa. Nauli ilikuwa imekwisha, mkewe alikuwa akilala sakafuni chini ya kitanda cha mtoto, na wanne walioachwa nyumbani walikuwa wakila kwa jirani. Mtu aliyechoka huona haya kusema amechoka. Huazima neno la dini akajisitiri nalo. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba katika nchi tajiri hupona watoto zaidi ya 80 katika kila 100 wenye saratani, na katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Miongoni mwa sababu ni kuchelewa kutambuliwa na kuacha tiba katikati. Ilinipasa kumwuliza, "Nauli imebaki kiasi gani?" Swali hilo lingekuwa ni ibada kuliko lile darasa nililoliwahi.

Baada ya miezi miwili uvimbe ulirudi, safari hii tumboni. Ijumaa ile tulitandika mkeka mlangoni pa msikiti, fedha ikapatikana, na jirani mmoja Mkatoliki akawachukua wale wanne nyumbani kwake mpaka mwisho. Madaktari walijitahidi. Mtoto alifariki, tukamleta, tukamzika baada ya adhuhuri. Mama alilia, na wanawake wengine wakataka kumkemea, nikawakumbusha Nabii Yaakub (A.S.), aliyelia hata macho yakawa meupe, na Qurani haikumtoa katika wenye subira.

Baba aliniuliza, "Shehe, lau nisingemtoa?" Wanavyuoni wetu husema kadari ni hoja katika msiba uliokwisha kupita, si katika wajibu ulio mbele ya mtu. Nikamwambia kwamba hilo limekwisha kupita, asiufungue mlango wa lau. Nikamwambia pia kuwa sehemu ya kosa ilikuwa yangu, nami namwomba radhi. Alinyamaza muda mrefu, akanishika mkono.

Mkewe ndiye aliyesema. Alikuwa amefunga fedha iliyosalia katika pindo la khanga, akaniambia isirudishwe msikitini. Kitanda cha pili kule wodini yupo mtoto wa Geita, na baba yake ameanza kusema kuwa zilizobaki anamwachia Mungu.