Deni Letu kwa Udongo

Yako maswali yanayoonekana kuwa madogo mno, hata mtu huona haya kuyauliza katika gazeti la Kanisa. Moja ni hili: Maganda ya ndizi, mabaki ya mboga na majivu ya jikoni ni mali ya nani? Wengi hujibu upesi, "Ni yangu, chakula nilikilima mwenyewe, nayo masalio nayatupa nipendapo." Na tulitafakari jibu hili. Tulilima sisi, ni kweli. Lakini aliyekuza ni Mungu, na alikuza kwa udongo.

Watu wa Kilimanjaro wamejua tangu zamani ya kuwa kihamba hulishwa. Ng'ombe hukaa zizini, hukatiwa majani na kupewa maganda, na samadi yake huchukuliwa hata mashinani pa migomba. Kwa njia hiyo ardhi ile ile imelisha baba, na mwana, na mjukuu. Basi avunaye kila mwaka wala harudishi kitu, huyo amekopa asilipe. Udongo hauna kinywa cha kumshitaki. Lakini mikungu hupungua, na deni humwangukia mwana atakayerithi. Hapo twaona ya kuwa kutupa si jambo la mtupaji peke yake: ni kumnyang'anya mtu asiyezaliwa bado. Na dawa ya deni ni kulipa.

Wengine husema, "Mimi ni mtu wa kalamu, kazi ya jaani hainipasi." Ndugu, Bwana wetu alipokwisha kuwashibisha watu elfu tano, aliwaagiza wanafunzi wake wavikusanye vipande vilivyosalia, wakajaza vikapu kumi na viwili. Mitume hawakuona haya kuinama. Katharina von Bora naye, aliyeolewa na Martin Luther mwaka 1525, alisimamia bustani na mifugo, wala heshima ya nyumba ile haikupungua.

Kazi yenyewe si ngumu. Fanyeni lundo penye kivuli. Tandazeni majani makavu, kisha maganda na mabaki mabichi ya mboga, kisha samadi na udongo kidogo; rudieni hivyo. Majivu yawe machache. Nyama na mafuta msitie, maana huleta panya na mbwa. Lundo liwe na unyevu, lakini lisilowe. Tena lipinduliwe mara kwa mara, lipate hewa. Litapata joto ndani yake, na baada ya miezi mitatu hivi, au zaidi penye baridi, litakuwa jeusi, lenye harufu ya udongo ulionyeshewa mvua. Ndipo lifaapo kwa mchicha na migomba.

Walimu, na tuanze sisi nyuma ya nyumba zetu kabla ya kuwaagiza wengine. Tukumbuke mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba alitaka ukatwe. Mtunzaji akauombea mwaka mmoja tena. Lakini hakuomba muda mtupu: aliahidi kuchimba pande zote na kuutilia samadi. Huruma yake ilishika jembe. Sisi nasi twaiombea nchi yetu mavuno kila Jumapili, na siku ya Jumatatu twatupa chakula chake njiani. Haifai kuwa hivyo. Na tuombe, kisha tuchukue kikapu.