Haki ya Hodi

Katika adabu za watu wa pwani hakuna iliyo nyepesi kutamka na nzito kwa maana kama hodi. Ni neno moja tu, lakini huweza kumsimamisha mtu mwenye nguvu nje ya mlango wa mjane. Mgeni huita mara ya kwanza, mara ya pili na mara ya tatu. Asipoitikiwa hurudi zake, wala hahesabu kuwa amevunjiwa heshima. Sura ya Nuru katika Kurani inawaamrisha watu wasiingie katika nyumba zisizo zao mpaka waombe idhini na kuwasalimu walio ndani. Mtoto wa Mvita huyajua hayo kabla ya kujua kusoma.

Lakini nakuomba, msomaji, ufikiri juu ya hizo nyumba zisizo zetu. Ni zipi? Mtu ana nyumba Kibokoni, aliyoirithi kwa babaye, na chumba kimoja amempangisha mwingine kwa kodi ya kila mwezi. Sasa anataka kuiuza. Dalali anakuja na mnunuzi, na mnunuzi anataka kuona ndani. Je, mwenye nyumba afikapo mbele ya chumba kile, amefika mlangoni pake au mlangoni pa mwenzake? Na aliyemo chumbani akijibu, "Leo si tayari," amekosa adabu, ama ameshika haki yake?

Swali hili si la mchezo katika kisiwa cha Mombasa. Nyumba za Kiswahili za Majengo zafaa sana kwa upangaji: ukumbi mmoja katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na uwani nyuma pa kupikia na kufulia. Watu wa jamaa sita huweza kukaa chini ya paa moja. Katika nyumba ya namna hiyo mpangaji hana daka la kumpokelea mgeni, wala hana roshani ya kuchungulia nani aliyebisha. Ana mlango mmoja na komeo moja. Tajiri mwenye vyumba kumi akitazamwa kimoja amebakiwa na tisa. Mwenye chumba kimoja akitazamwa, ametazamwa maisha yake yote.

Nilipokuwa mwanafunzi kama wewe, mzee mmoja wa ukoo wetu alikuwa dalali wa nyumba, na siku za likizo nilimfuata nikimshikia utepe wa kupimia. Siku moja tuliingia na mnunuzi katika nyumba ya mawe ya Mji wa Kale ambayo vyumba vyake vya chini vilikuwa vimepangishwa. Mwenye nyumba alitangulia. Vyumba viwili vya kwanza vilikuwa wazi. Alipofika cha tatu hakubisha, alisukuma mlango. "Karibuni, ingieni," alisema, "nyumba yangu hii."

Ndani alikuwamo kuli wa Kilindini, amelala baada ya kazi ya usiku. Mtu huyu tulimjua sote mtaani. Jioni alikaa barazani katika kanzu safi, akaitikia salamu kwa sauti ya mtu aliyetosheka, na wengi walidhani ana akiba kubwa. Chumbani mwake hamkuwa na kitanda. Palikuwa na mkeka, sufuria moja, ile kanzu juu ya msumari, na stakabadhi za fedha alizokuwa akiwapelekea watu wake bara, zimefungwa pamoja kwa uzi. Aliinuka, akajivuta shuka mabegani, na yeye ndiye aliyetuamkia. Mnunuzi alitazama dari. Mimi nilitazama mkeka. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulijua kwamba bwana yule halali kitandani, na habari hiyo haikutoka kinywani mwa mwenye nyumba wala mwa dalali. Ilitoka kinywani mwangu.

Hakuibiwa hata sindano. Kwa hiyo nilijiuliza kwa miaka mingi nini hasa tulichomwondolea. Lugha yetu ina jina lake: ni sitara. Sitara si uongo. Mtu yule hakumwambia yeyote kuwa ni tajiri. Alichagua tu nani ajue shida yake na nani asiijue, na uchaguzi huo ndio uliomwezesha kukaa barazani na wenzake pasipo kuonewa huruma. Mwizi akikamatwa hurudisha mali. Jicho likisha kuona halirudishi kitu.

Sasa tumsikilize mwenye nyumba, maana naye ana hoja. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nyumba za Mji wa Kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti huliwa na mchwa, na chumvi ya bahari hupenya ukutani ikamenya chokaa kama ngozi. Mnunuzi atoaye fedha pasipo kuyaona hayo ametumbukizwa shimoni. Tena si kila muuzaji ni tajiri. Mara nyingi nyumba ni ya warithi wengi, na pengine mmoja wao ana mgonjwa hospitali, naye hawezi kupata fungu lake mpaka nyumba iuzwe. Nyumba ya wakfu haiuziki, lakini hii si ya wakfu. Mpangaji mmoja akiwafungia mlango warithi wote, je, huo si udhalimu pia?

Ni udhalimu, endapo anaufunga daima. Lakini hoja hiyo inampa mnunuzi haki ya kuiona boriti; haimpi haki ya kumkuta mtu usingizini. Mafakihi wa Kishafii, ambao madhehebu yao hufuatwa na Waislamu wengi wa pwani hii, huihesabu ijara kuwa ni mauzo ya manfaa: mwenye nyumba amebaki na jengo, lakini manfaa ya kukaa ndani ameyauza kwa muda na kupokea thamani yake. Wakasema hata nyumba ikiuzwa, mkataba wa upangaji hauvunjiki kwa sababu hiyo. Basi asukumaye mlango wa mpangaji anatumia kitu alichokwisha kukiuza. Sheria za Kenya nazo zinaelekea huko huko. Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa mpangaji alipaye kodi haki ya kukaa kwa amani bila ya kusumbuliwa, na mwenye mali aingiapo kukagua hutakiwa kutoa taarifa kwanza. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinamlinda kila mtu faragha yake, na hakikusema kila mwenye nyumba. Ila sheria huja baada ya mlango kusukumwa, na kuli hana nafasi ya kushinda mahakamani akiidai sitara.

Mpangaji naye asiifanye faragha kuwa ngao ya ukaidi. Akiambiwa kesho saa kumi, na saa hiyo haimfai, ataje nyingine, kisha aishike ahadi. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, na yeye amelala ndani. Ajua dari inavuja wapi, na nadhani wauzaji wengine hawapendi awepo kwa sababu hiyo. Mimi naona akiulizwa na aseme kweli.

Siku hizi pana jambo jipya. Mnunuzi huenda yuko Muscat au Dubai, na dalali humpelekea picha kwa simu. Anapiga ukuta, na ukutani pana kanga za mtu, juu ya rafu pana chupa za dawa ambazo mgonjwa hajamwonyesha hata nduguye. Sisi tulikuwa wanne tu mlangoni siku ile, na habari ilizunguka mtaa mmoja. Picha haijulikani itakoma kwa nani. Vitu vya mtu na viondolewe mbele ya picha kwa mkono wake mwenyewe, au picha isipigwe.

Kuli yule alihama mwisho wa mwezi, akauacha ufunguo kwa mwenye duka wa jirani. Tulirudi na mnunuzi, chumba kikiwa kitupu. Alizihesabu boriti, akagonga ukuta mara mbili kwa fundo za vidole, akatazama sakafu, akatoka. Haikupita muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Msumari wa kanzu ulikuwa bado ukutani.