Barua Haina Miguu



Leo naomba nianze kwa kuungama kidogo. Mwaka wangu wa uchungaji niliufanya kwenye parokia moja ya pembezoni mwa mji, kule ambako lami inaishia. Siku moja akaja kijana aliyemaliza kidato cha nne. Matokeo hayakuwa mazuri, baba hayupo, mama anauza mboga. Akasema, "Frateri, naomba barua ya utambulisho, nataka kujifunza ufundi gereji." Nikamwandikia barua safi kabisa, paroko akasaini, tukapiga muhuri. Nikamwambia, "Nenda, Mungu yupo," kisha nikarudi kwenye kitabu changu.

Baada ya wiki mbili nikamkuta kijiweni. Kumbe alikwenda gereji tatu, na kote aliulizwa swali moja: "Hapa nani anakufahamu?" Barua yangu haikufunguliwa hata mara moja. Alikuwa bado nayo mfukoni, imekunjika mpaka muhuri umefifia.

Nikamsimulia mzee mmoja wa jumuiya yetu, fundi umeme mstaafu. Akanitazama, akasema, "Frateri, barua haina miguu." Kesho yake saa moja asubuhi akampitia kijana nyumbani, wakaenda wote. Mzee akamwambia mwenye gereji, "Huyu mimi ninamfahamu. Akikosea, niite mimi." Kijana akapokelewa siku ile ile.

Jamani, niliona aibu. Nimesoma falsafa, naweza kukueleza Aristotle alivyofundisha kwamba mtu huwa mjenzi kwa kujenga. Lakini sikuwahi kujiuliza: na yule ambaye hakuna anayemruhusu kugusa tofali, atajifunzaje?

Fungua Matendo ya Mitume 9:26-27. Sauli ameongoka, anafika Yerusalemu, anataka kujiunga na wanafunzi. Wote wanamwogopa. Ana wito, ana kipaji, ana elimu, lakini mlango umefungwa. Ndipo Barnaba anamchukua na kumpeleka mwenyewe kwa mitume. Na haiishii hapo. Ukisoma sura ya 11, Barnaba anasafiri hadi Tarso kumtafuta Sauli, anamleta Antiokia, na wanafundisha pamoja mwaka mzima. Mtume Paulo tunayemsoma Dominika nyingi, kuna mtu aliyemshika mkono kwanza.

Sasa najua utaniuliza, "Frateri, si ndiyo ile koneksheni tunayoilalamikia kila siku?" Hapana, tusichanganye mambo. Koneksheni inambeba mtu asiyestahili na kumnyima haki mwingine. Barnaba hakusema, "Mpokeeni, ni mtu wangu." Alieleza mambo yaliyotokea kweli: Sauli alivyomwona Bwana njiani, na alivyohubiri Dameski bila woga. Alitoa ushahidi wa ukweli, na akaweka jina lake mwenyewe rehani.

Mtakatifu Yohane Bosco alilielewa hili vizuri. Vijana wengi maskini walikuwa wakimiminika mjini Torino, Italia, kutafuta kazi, na wengine walinyanyaswa na waajiri wao. Don Bosco aliwafundisha katekisimu, lakini pia aliwafuata kazini kwao. Mwaka 1852 aliweka saini kwenye mkataba kati ya fundi seremala na kijana aliyekuwa akijifunza kwake. Fundi aliahidi kumfundisha kazi hiyo kweli kweli, kumrekebisha kwa maneno na si kwa kipigo, na kumwachia siku za sikukuu. Don Bosco naye alijifunga kuusimamia mwenendo wa kijana. Mwaka uliofuata alianzisha karakana zake mwenyewe, za ushonaji viatu na nguo. Huo ndio utakatifu uliovaa viatu.

Basi tufanye nini?

Wewe unayetafuta njia: mpe Barnaba wako cha kusema. Barnaba alikuwa na la kusimulia kwa sababu Sauli alikuwa ameshaanza kuhubiri. Fika kwa wakati. Ukisema utakuja, njoo. Kwenye jumuiya usikae nyuma tu, jitolee kufunga spika, kupanga viti, kutunza daftari la michango. Watu wanaona. Na kama umejifunza ufundi mtaani bila cheti, usijidharau. Nenda chuo cha VETA kilicho karibu, ukaulizie urasimishaji wa ujuzi. Wanakupima kwa kile unachojua kufanya, na ukifaulu unapata cheti.

Wewe uliyekwisha kupata pa kushika: nenda Tarso. Usisubiri waje. Kuna kijana kwenye kwaya yenu ambaye hajawahi kuingia ofisini, hajui hata mlangoni aanze kusema nini. Kaa naye jioni moja mfanye mazoezi ya usaili. Usimpe namba ya simu tu, mpeleke. Na akija kukuzidi siku moja, mshukuru Mungu, maana Barnaba naye alizidiwa.

Mwezi uliopita nilipita gereji ile. Kijana alikuwa chini ya lori, akatoka, akanisalimia kwa kiwiko kwa sababu mikono ilijaa oili. Akaniambia, "Frateri, kuna rafiki yangu naye anataka kujifunza." Nikaingiza mkono kwenye begi kutafuta karatasi. Halafu nikaurudisha. Nikamuuliza, "Anaishi wapi? Twende."

Wiki hii mtaje mbele ya Mungu kijana mmoja kwa jina lake, kisha umtembelee.

Tusali: Ee Yesu, uliyejifunza kazi kwa mikono ya Yosefu katika nyumba ya Nazareti, uwaangalie vijana wasio na wa kuwasemea. Utuondolee uvivu wa kutoa maneno matupu. Utupe miguu ya kwenda pamoja nao. Amina.

Mtakatifu Yohane Bosco, utuombee.