Shukrani ya Aliyenusurika

Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Kisiwa cha Mafia kikiwa kimekwisha kupungua nguvu. Huku kwetu Singida, mamia ya kilomita kutoka baharini, niliwasikia wengi wakisema, "Mungu ametunusuru." Lakini siku zile zile mafuriko yaliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi. Basi najiuliza: hao "sisi" walionusuriwa ni akina nani?

Kimbunga hakichagui wenye haki. Hulishwa na maji ya bahari yenye joto. Kikipanda nchi kavu hukosa chakula chake, kikafifia. Tanzania hupigwa kwa nadra kwa sababu iko karibu na Ikweta, ambako pepo hazipati msokoto wa kutosha. Hayo ni majaliwa ya mahali tulipo, wala si tuzo ya tabia njema. Anayedhani kuwa amepona kwa wema wake, amekwisha kumhukumu aliyepigwa.

Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, bei ikapanda, na wenye mashamba wa huko wakafaidika, tena kwa jasho la watumwa. Wahenga walisema kufa kufaana. Walieleza jinsi dunia ilivyo, hawakutoa ruhusa. Mwenye shamba hakukosa kwa kuwa mikarafuu yake ilibaki imesimama. Swali la haki lilianza alipopokea fedha: je, alimkumbuka aliyeanguka, na yule aliyemchumia?

Mtu ataniuliza, tuache kushukuru? La hasha! Kununa kwetu hakumjengei mtu wa Lindi daraja. Ila shukrani ni deni. Katika njaa ya 1974 tulikula unga wa njano kutoka ng'ambo, ambao watu waliuita yanga. Waliotuletea hawakuwa bora kuliko sisi. Mvua yao ilinyesha tu. Na Machi 2019, Kimbunga Idai kilipoipiga Beira, Tanzania ilipeleka chakula na dawa Msumbiji, Malawi na Zimbabwe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukisikia kwamba kimbunga kimetupita, mshukuru Mungu. Kisha uliza kimewapata akina nani, na ghalani mwako mna nini.